Nyusi Saba

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mchoraji waliyemwita Bure alifungua faili lake kwenye kompyuta ya chumba cha majaribio. Akaugusa mkono wa mhusika wake, msichana mwenye ndoo, ili auinue. Msichana mzima akasogea, ndoo yake na ukuta wa nyuma yake vikasogea naye. Akajaribu jicho. Ukuta ukasogea tena. Ndipo akapiga ukelele.

Wa kwanza kufika alikuwa Koma, mhariri wa ofisi, mama wa makamo aliyepewa jina hilo kwa sababu koma moja iliyokosekana ilitosha kumnyima raha kutwa nzima.

"Yamegandana, dada," Bure alisema. "Ijumaa niliacha mchoro una matabaka sitini na mawili, moja juu ya jingine. Mkono na lake, jicho na lake, nyusi na lake. Sasa limebaki moja tu."

Koma aliangalia saa ya ukutani. Saa tano wageni kutoka kwa mchapishaji wangefika kuamua vitabu vyote vya watoto vichorwe kwa programu gani. Mhusika yuleyule alikuwa amechorwa mara mbili: Mwalimu, mchoraji mkongwe wa ofisi, alitumia programu ya kulipia, Bure alitumia ile ya bure, ndiyo iliyompa jina. Ya kulipia ilikuwa kwenye kompyuta za ofisi tu. Ya bure iliwekwa popote, na kwa Bure popote palikuwa kando ya kitanda cha mama yake, mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake kutwa. Programu hiyo ikishindwa leo, kazi yake imeota mbawa.

Bosi aliingia, simu sikioni, akaangalia skrini. "Nilisema mimi. Mambo ya bure haya. Programu imekula kazi, basi."

"Nipe mpaka saa nne na nusu," Koma alisema.

"Ya nini?"

"Sijui bado. Lakini sitatulia."

Kweli hakutulia. Alisoma tarehe ya faili akiwa amesimama: lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Programu haiamki yenyewe siku ya mapumziko ikajihifadhi. Akashuka hadi mlangoni kwenye daftari la wanaoingia na kutoka. Jumamosi ile waliingia watatu. Bosi, saa nane kamili, akatoka saa nane na robo. Mwalimu, saa nane na nusu hadi saa kumi. Fundi wa kompyuta, saa tisa hadi saa kumi na moja. Bosi alishaondoka faili lilipoguswa. Walibaki wawili.

Fundi alikuwa chini ya meza, waya mdomoni.

"Jumamosi uliigusa kompyuta ya majaribio?"

"Niliigusa." Alitoka, akajipangusa magoti. "Niliiwasha saa tisa nikasasisha mitambo. Nikaiacha inaendelea, nikaenda kuvuta waya chumba cha pili."

"Na wewe ndiye uliyesema kutunza programu mbili ni kujitakia maradhi."

"Nilisema, na leo nasema tena! Lakini mama, mtu akilalamika ndiyo amekuwa mhalifu? Basi wewe ungekuwa umefungwa zamani."

Koma hakucheka. Jibu lilikuwa jepesi mno, nalo lilimwasha kama upupu. Akapanda ngazi mpaka kwa Mwalimu.

Mzee alikuwa ameketi mbele ya skrini yake, imejaa mistari safi kama iliyokatwa kwa wembe. Kikombe cha chai kilikuwa pembeni, kimejaa hadi ukingoni, juu kimeganda utando. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Masikini binti yule," Mwalimu alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Nilimwambia, kazi kubwa haiwekwi kwenye programu ya watu wa kujitolea."

"Jumamosi ulikuwa wapi saa tisa na nusu?"

"Hapahapa. Nilikuwa namalizia mhusika wangu."

"Chai yako imepoa, Mwalimu."

"Sina hamu nayo."

Saa nne kasoro dakika kumi Koma alirudi kwa Bure, akamkuta anaanza kuchora upya huku machozi yakimdondoka. "Acha kwanza. Hii programu yako haina akiba yoyote?"

Bure alinyanyua uso. "Kila baada ya dakika kumi inaweka nakala ya dharura. Lakini iko kwenye folda iliyofichwa, na ikizimwa vizuri nakala hujifuta."

"Fundi alikuwa anasasisha mitambo. Sasisho likiisha, kompyuta hujizima yenyewe na kuwaka. Huko ndiko kuzimwa vizuri?"

Vidole vya Bure vilikuwa vimeshaanza kukimbia. Nakala ilikuwepo: Jumamosi, saa tisa na dakika thelathini na tano. Walipoifungua, matabaka yakajipanga pembeni, sitini na matatu.

"Limezidi moja," Bure alinong'ona.

Tabaka la juu kabisa halikuwa lake. Palikuwa na nyusi za yule msichana, zimechorwa mara saba, moja chini ya nyingine. Mkunjo ulikuwa sahihi kila mara. Lakini kila mstari ulitetemeka, na wa saba ulitetemeka kuliko yote.

"Mbona mistari inatetemeka hivi?" Koma aliuliza.

"Ile ya kulipia inakuja na kituliza mstari kikiwa kimewashwa. Ukitikisika, inakunyooshea. Hii inakuja kikiwa kimezimwa. Inaonyesha mkono wako ulivyo."

Koma alisimama wima. Akatoka mbio hadi kwa Fundi, akamtupia karatasi. "Chora nyusi."

Fundi alichora kiwavi, tena kiwavi aliyekanyagwa.

"Ahsante," Koma alisema, na moyo ukamwuma, kwa kuwa sasa alibaki mmoja.

Saa nne na nusu walisimama chumbani kwa Mwalimu: Koma, Bosi na Bure. Koma akaweka karatasi na penseli mezani.

"Aliyeharibu faili alichora kwanza. Ni mchoraji, maana mkunjo ni wa mchoraji. Na mkono wake una shida. Fundi hajui kuchora. Mwalimu, nichoree nyusi moja, tuyamalize."

Mzee akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani waziwazi. Ulitetemeka peke yake.

"Mwaka wa pili huu," alisema. "Kwenye programu yangu hakuna aliyejua. Jumamosi nilitaka tu kuonja hiyo nyingine, nijue nitaiweza. Nikachora mara saba. Nikajiona. Nikasema, ikichaguliwa hii, wanafunzi wangu wote watauona mkono huu. Nikazifuta nyusi zangu, nikaunganisha matabaka yote, nikahifadhi, na kabla sijafunga kompyuta ikajizima yenyewe."

"Na mama yangu?" Bure aliuliza. "Ulijua hali yake. Ulikuja kumwona."

"Nilijua."

"Ungeniuliza! Kituliza mstari kipo hata kwenye hii. Ni kitufe kimoja, Mwalimu. Kimoja!"

Mzee alifumba macho. Bosi alikohoa, akatazama dirishani, akasema Mwalimu hatawaona wageni na barua yake ya kuachishwa kazi ataipata mchana.

Wageni walifika saa tano na dakika tano. Walitaka kumwona msichana akikimbia, akiinama, akicheka. Bure alimkimbiza, akamwinamisha, akamchekesha. Saa sita programu zote mbili ziliruhusiwa, kila mchoraji na anayoiweza, na Bure akapewa kitabu cha kwanza akichoree nyumbani.

Alipokuwa akitoka alimkuta Mwalimu anatia vitabu vyake kwenye boksi. Alimpita. Akafika kwenye ngazi, akarudi hadi mlangoni.

"Nimekukasirikia, na sijui hasira hii itaisha lini," alisema. "Kesho saa tatu njoo nyumbani na kalamu yako nikuonyeshe hicho kitufe. Na uje kimya, mama huwa amelala."