Ufunguo Shingoni mwa Ndama

Kila Jumamosi, Doris wa kijiji cha Tumati alichunga ndama wa mama yake, Helena. Kazi ilikuwa nyepesi, ila Doris alipenda mno kucheza rede, na ndama naye alipenda mno mahindi ya watu. Siku hiyo akabuni kengele: akachukua kopo, akaning'iniza ndani yake ufunguo alioukuta msumarini, akamfungia ndama shingoni. Kling! Kling! Akaenda zake kucheza. Loo, akili hizo!

Mchana kengele ikanyamaza. Kopo lilikuwepo, ufunguo haupo.

Kumbe ulikuwa ufunguo wa sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa! Sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake hutunzwa na wanachama watatu tofauti, Helena akiwa mmoja wao, ili mtu asilifungue peke yake. Siku hiyo Shamsia, mjane, alikuwa akopeshwe fedha za mbegu za vitunguu saumu. Benki walimtaka hati ya shamba, naye shamba lenyewe amekodi. Mvua ilikuwa imekaribia. Akikosa leo, amekosa msimu mzima.

Wanachama walifika nyumbani kwa Helena. Helena akapekua kila kona, wapi!

"Helena, umeuficha?" aliuliza mzee Nicodemo. "Au sandukuni kuna jambo hutaki tulione?"

 Machozi yakamlengalenga Helena. Doris alikuwa mlangoni, na hakuna aliyemshuku. Lakini alimwonea mama yake huruma, akaingia.

"Shikamooni," alisema kwa woga.

"Marahaba."

"Mama hana kosa. Ufunguo niliuchukua mimi, nikamtengenezea ndama kengele. Umepotea malishoni."

"Kengele!" Shamsia alishika kiuno, akashindwa kujizuia kucheka.

Waliutafuta majanini hadi wakachoka. Mwishowe kufuli likakatwa kwa msumeno mbele ya wote. Fedha zilikuwa salama, na Shamsia akapata mkopo wake. Nicodemo akamwomba Helena radhi.

"Kufuli jipya nitanunua," alisema Helena kwa aibu. "Ila ufunguo mpeni mwingine."

"Hata kidogo!" alisema Shamsia. "Mimi sina hati wala ng'ombe. Mmenikopesha kwa sababu tunaaminiana. Tukianza kudanganyana, maskini kama mimi atakopa wapi? Doris amekosea, lakini amesema kweli huku anaogopa. Ufunguo ukae nyumba hii."

Doris akaangua kilio. Helena akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Basi, mama, nyamaza," alimbembeleza.