Vidole vya Manjano

Mama yake Herieth huuza chipsi mayai kwa wafanyakazi wa viwanda vya Zegereni, na kila jioni hurudi nyumbani na mfuko wa maganda ya mayai. Asubuhi Herieth huubeba mfuko huo hadi shuleni kwao, Pangani, Kibaha, kwa sababu Darasa la Sita linafuga kuku. Mwalimu Juliana wa Sayansi alikuwa amewaambia kwamba maganda huwapa kuku chokaa. Alisema pia kwamba ni lazima yakaushwe na kutwangwa mpaka yawe unga. Herieth alilisikia hilo vizuri tu, ila mchi ulikuwa mzito na yeye alikuwa na haraka. Aliyamwaga maganda bandani kama yalivyo, kuku wakayagombania, naye akajiona mfugaji hodari.

Baadaye mayai yakaanza kupungua. Kuku walikuwa walewale na pumba zilezile, lakini trei haikujaa tena. Darasa zima likaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Jicho la Herieth liliangukia kwa Firdausi, aliyeketi naye dawati moja. Firdausi alikuwa amehamia kutoka Maneromango, Kisarawe, alikokaa na bibi yake, na sasa aliishi kwa baba yake mdogo, Mzee Seif. Alipofika tu aliwaambia wenzake kwamba anajua kusuka mikeka, nao wakamcheka na kumwita mtu wa shamba. Siku hizi alikuwa na mambo ya kutia shaka. Alifika shuleni kabla ya wote, akapotelea nyuma ya banda la kuku na furushi la kanga, akarudi kengele ikilia. Akiulizwa alikuwa wapi, alijibu, "Nilikuwa hapo tu." Na vidole vyake vilikuwa vya manjano, rangi ileile ya kiini cha yai.

Jumatatu Herieth alimnong'oneza Telesphory, kiongozi wa darasa, kwamba amemwona Firdausi na furushi. Jumatano akasema furushi lilikuwa na mayai. Alhamisi, mbele ya mwalimu mkuu, aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akiyatoa kwenye kiota. Ajabu ni kwamba hakuhisi anadanganya. Picha aliiona kichwani waziwazi, hadi maua ya kanga.

Mwalimu mkuu akampigia simu Mzee Seif aje Ijumaa mchana. Firdausi alilia mpaka kwikwi ikamshika.

"Herieth, mimi sijachukua kitu," alisema. "Baba mdogo alishasema nikimtia aibu, nafunga nguo zangu narudi kwa bibi. Kule shule ni mbali na bibi anaumwa. Masomo yangu ndiyo basi tena."

Herieth alisikia uchungu, lakini alijikaza. Mwizi ni mwizi, alijiambia.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya kikao cha maswali. Mwalimu Juliana aliwazoesha kukaa duara, na yeyote anayesema jambo huweza kuulizwa na mwenzake, "Umeona, au umedhani?" Kukasirika hakuruhusiwi.

"Herieth, ulikuwa umesimama wapi?" mwalimu aliuliza.

"Bombani, mwalimu."

"Ukaona nini?"

"Firdausi anatoa mayai kwenye kiota."

"Haya, twendeni wote bombani."

Wakaenda. Kutoka bombani walionekana kuku na ukuta wa banda, na gunia lililoning'inizwa mbele ya viota ili kuku watage gizani. Viota vyenyewe havikuonekana. Herieth alisogea kushoto, akainama, akasimama kwa ncha za vidole. Gunia tu.

"Umeona, au umedhani?" Firdausi aliuliza kwa sauti ndogo.

Herieth alilitazama tena gunia. "Furushi niliona," alisema. "Mayai... mayai nilidhani."

"Na hivyo vidole?" Telesphory alidakia. Yeye bado hakuridhika.

Firdausi alikimbilia nyuma ya banda, akarudi na furushi, akalifungua mbele yao. Ndani kulikuwa na ukili, mikanda ya majani iliyosukwa, mwingine mweupe, mwingine umetiwa rangi ya manjano. "Nasuka mkeka wa bibi," alisema. "Nyumbani hakuna nafasi, na hapa mlinicheka. Ndiyo maana nikajificha."

"Sasa mayai anachukua nani?" Telesphory aliuliza.

"Tusijibu kwanza," alisema Mwalimu Juliana. "Tutazame."

Aliwaongoza hadi bandani, akanyanyua pembe ya gunia, wakasubiri kimya kwenye wavu wa banda. Kuku mwekundu alitaga, akasimama akitetea. Kabla hajafika mbali, mwenzake mwenye shingo tupu alilijia yai, akalidonoa mpaka likapasuka. Wengine wakakimbilia, wakala kiini na ganda lake, wakafuta midomo yao kwenye majani.

"Kuku akizoea maganda mazima, yai zima nalo huliona chakula," mwalimu alisema. "Nani anawaletea?"

Herieth alitoka nyuma ya wenzake.

"Ni mimi, mwalimu," Herieth alisema. "Sikuwahi kuyatwanga." Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Mzee Seif alipofika, Herieth alimwamkia, kisha akamweleza yote mwenyewe, mwalimu mkuu akisikiliza. Mzee alivua kofia, akajifuta jasho. "Firdausi, mwanangu, mbona hukuniambia? Uani kwangu pana nafasi ya kusuka," alisema.

Mwalimu Juliana akawageukia wanafunzi. "Akili ya mtu haipendi pengo. Asichokiona hukijaza mwenyewe, na kila akirudia maneno yake picha huzidi kung'aa, mpaka anaapa. Kushuku si kosa, ndiko tunakoanzia kuuliza. Kosa ni kuacha kuuliza ukishapata jibu unalolitaka. Na wa kwanza kuulizwa ni wewe mwenyewe."

Jumatatu Firdausi alikaa dawati jingine. Herieth alimwomba radhi, naye akaitikia kwa kichwa tu. Mapumziko yalipofika, Herieth alichukua kinu cha jikoni, akaketi kando ya banda na maganda yake, akatwanga mpaka viganja vikamuuma.

Kivuli kikasimama mbele yake.

"Umetwanga," Firdausi aliuliza, "au umedhani umetwanga?"

"Tazama mwenyewe," Herieth alisema, akamsogezea kinu.

Firdausi alichota unga kidogo, akausugua kwa vidole vyake vya manjano.

"Bado," alisema. "Lete mchi."