Kondoo Waliosimama Duara

Kila siku saa saba mchana Chelagat alitoka shule, akavuka reli pale Molo, akapita kando ya mashamba ya maua ya pareto hadi kambi ya wafanyakazi. Kazi zake za nyumbani alizijua: kuteka maji, kuosha sufuria na kufagia uwanja. Siku za karibuni kazi moja ilikuwa imeongezeka, na hiyo hakumwambia mtu.

Nyuma ya nyumba yao alifungwa Tesi, mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe na manyoya marefu. Jicho lake moja lilikuwa la kahawia, na la pili jeupe kama maziwa. Mzungu wa shamba la pareto alipofunga virago kurudi kwao mwaka ule wa 1951, aligawa mbwa wake wote, na Kemboi, babake Chelagat, akapewa huyu. Pale kambini kila mtu aliamini kwamba mbwa wa mzungu, awe mkubwa awe mdogo, ni mlinzi mkali. Basi Tesi akatiwa mnyororo kando ya banda la kuku, akaachiwa ulinzi.

Ulinzi gani! Mgeni akija, Tesi alitikisa mkia. Mchana kutwa aliizunguka nguzo yake mpaka ardhi ikachimbika, huku akilia kilio chembamba kilichomtoa Chelagat machozi.

"Mnyororo huo usiguswe," Kemboi alikuwa ameonya. Yeye alichunga kondoo wa shamba la jirani. "Mbwa akionekana kwa kondoo wa watu, anapigwa risasi, na mimi nafukuzwa."

Chelagat alisikia vizuri. Hata hivyo, kila alasiri alimfungua, na Tesi akatokomea. Saa kumi na moja Chelagat alipiga mluzi, Tesi akarudi, akafungwa kabla wazazi hawajatoka kazini. Alikuwa ameenda wapi? Chelagat hakutaka hata kulifikiria.

Ndipo mambo ya ajabu yalipoanza. Alasiri moja ukungu uliteremka kutoka msitu wa Mau, ukameza miti na nyaya za ua. Kemboi alikuwa amewaacha kondoo wakila huku na huku malishoni, akaenda kukagua ua. Aliporudi aliwakuta wote themanini wamesimama kwenye kona, wamebanana, wakitetemeka. Hakuna aliyekula, hakuna aliyelia. Nyasi zilikuwa zimelala kuwazunguka, duara kamili, mahali kitu kilipopita tena na tena. Kemboi aliita, na sauti yake ikapotea kwenye ule weupe.

Kesho yake ukungu ukashuka tena, ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Wiki ya pili mbavu za kondoo zikaanza kuonekana. Kambini watu walinong'ona kwamba pale malishoni pana kitu, na wanawake wakaacha kwenda mtoni peke yao. Kemboi, mtu wa utani mwingi, akaacha kutania.

Jumatano Kang'ethe, nyapara wa shamba la kondoo, alifika mlangoni kwao, kofia mkononi.

"Kemboi, mwenye shamba amekasirika. Hii maneno ya kondoo ikiendelea mpaka Jumamosi, utabeba vitu yako utoke. Na huyu mbwa wenu je?"

Kemboi alimgeukia binti yake. "Chelagat, mbwa huyu hufunguliwa?"

"Hapana, Baba. Hushinda amefungwa."

"Umesikia," Kemboi akamwambia Kang'ethe. Alimwamini bintiye papo hapo, na jambo hilo lilimuuma Chelagat kuliko kiboko.

Siku iliyofuata alijiapiza kutomfungua Tesi. Lakini mbwa alilia, akalia, mpaka Chelagat akamfungua, akisema moyoni: mara hii tu, ya mwisho. Muda si mrefu ukungu ukashuka. Saa kumi mama yake, Jerop, alitoka shambani mbio. Kipkemei, mdogo wake Chelagat wa miaka minne, hakuonekana, wala watoto wawili aliokuwa akicheza nao.

Waliwatafuta wakiita. Waliwakuta nyuma ya ghala la pareto, wameketi kwenye nyasi mbichi, magoti yanagusana, kimya.

"Mbona hamkuja nyumbani?" Jerop alilia akimkumbatia mwanawe.

"Tulikatazwa," alisema Kipkemei.

"Na nani?"

"Na macho. Moja jeupe. Tukisimama, yanakuja. Tukikaa, yanazunguka."

Jerop alianza kuomba kwa sauti. Chelagat aligeuka, kwa maana nyuma yake, ndani ya ukungu, alisikia miguu myepesi ikikanyaga nyasi, ikizunguka. Aliyajua macho hayo.

Kemboi alipofika nyumbani, Chelagat alipiga magoti, akamwambia yote: mnyororo, mluzi, na ule uongo wa Jumatano. Baba hakufoka. Alimshika Tesi, aliyekuwa amekwisha kurudi, akamwita bintiye, wakaenda kwa Mama Wariara, aliyewapikia mbwa wa yule mzungu kwa miaka kumi na mmoja.

Mama Wariara aliposikia habari, alipiga makofi. "Wewe Kemboi! Nani alikudanganya huyu ni mlinzi? Ungeniuliza! Wa kulinda ni yule mwenzake mkubwa mwekundu, mwenye nywele zinasimama mgongoni. Yule mfupi wa ndevu ni wa kukamata panya, huyo mweke ghalani. Lakini huyu, mababu zake wote walichunga kondoo. Kule kwa mzungu hakukuwa na kondoo, basi kila jioni alinikusanyia bata, na sikumfundisha."

"Kwa hiyo hataki kuwala kondoo?" Chelagat aliuliza.

"Kula nini? Anataka kazi! Anawakusanya, wawe kondoo wawe watoto, halafu hakuna mtu wa kumwambia awapeleke wapi. Anabaki kuzunguka tu."

Ijumaa kutwa Mama Wariara alimfundisha Kemboi namna ya kumwita na kumtuma Tesi. Jumamosi mwenye shamba na Kang'ethe walisimama kwenye lango la zizi. Malisho hayakuonekana kwa ukungu. Kemboi alipiga mluzi mmoja, Tesi akaingia kwenye ule weupe, na kwa muda hakukusikika kitu. Kisha kondoo wakatokea, kimya, wakafuatana, wakapita langoni wote themanini. Nyuma yao lilimulika jicho moja jeupe.

"Kumbe ndiye shetani wetu!" Kang'ethe akasema. Mwenye shamba alicheka, akasema Kemboi abaki, na mbwa wake abaki naye.

Njiani kurudi nyumbani na Chelagat, Kemboi alisimama.

"Tesi hana kosa," alisema. "Tulimpa kazi isiyo yake, kwa sababu hatukuuliza yeye ni mbwa wa namna gani. Lakini wewe, mwanangu, nilikuuliza. Unajua nilikuwa silali? Nilianza kuamini akili yangu inaniacha."

Chelagat alilia. "Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine ukikosa, niambie siku hiyohiyo, hata kama unajua nitakuchapa. Viboko viwili vingekuuma mpaka jioni. Mimi nimeogopa wiki mbili."