Bluu ya Bosi

Maiti ilikuwa imelala chali nyuma ya mstari wa njano wa usalama. Nyuma, si mbele. Inspekta aliliona hilo kabla hata ya kuutazama uso, na likamkera, maana meneja wa karakana alikuwa ameshamwambia mlangoni kwamba kesi ni nyepesi: fundi kawasha mtambo kwa uzembe, bosi kafa, kwisha habari.

"Huyu ana haraka ya nini?" alimnong'oneza Sajini. "Maiti haijapoa, yeye ameshatoa hukumu."

Marehemu alikuwa mhandisi mkuu. Wafanyakazi walimwita Sumaku, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu akikushika na maneno hakuachii. Kifuani, chini ya ngozi, alikuwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mbele yake kulikuwa na koili mpya ya shaba, pana kama pipa, ya kupashia vyuma moto kwa nguvu ya sumaku. Ndiyo kwanza ilikuwa inajaribiwa.

Fundi aliyeiwasha alikuwa ameketi kwenye boksi, pingu mikononi.

"Ulimwona amesimama wapi?"

"Hapo hapo alipoanguka, afande. Nyuma ya mstari."

"Nani alikuambia uwashe?"

"Yeye mwenyewe. Aliinua kidole gumba, nikawasha. Akashika kifua, akaenda chini."

"Ulizidisha umeme?"

"Haki ya Mungu sikuzidisha! Swichi hiyo hapo, sijaigusa tena. Afande, mke wangu anajifungua mwezi huu. Nikifungwa mimi, nani atamwangalia?"

"Jibu unachoulizwa."

Lakini Inspekta aliitazama ile swichi ya kuongezea umeme. Ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakumsaidia sana.

"Kifaa hakikuharibika," alisema. "Kilidanganywa. Sumaku kali ikikifikia, chenyewe kinadhani ule mtikisiko ni moyo unapiga. Kinanyamaza. Na moyo wa mzee huyu haukuwa unapiga bila kuambiwa."

"Kwa hiyo alisimama karibu mno."

"Karibu mno."

"Nyuma ya mstari wa usalama?"

"Mistari siijui, Inspekta. Mimi nasoma maiti."

Meneja naye hakulala. Asubuhi ripoti yake ilikuwa imeshafika kituoni, imepigwa chapa vizuri, na wakubwa wakaamua: fundi afikishwe mahakamani siku hiyo hiyo kwa kuua bila kukusudia. Inspekta alisonya, akachukua nakala, akarudi karakana. Alimwacha mshtakiwa wake mahabusu, anauliza kila anayepita kama mkewe ameambiwa.

Safari hii aliinamia sakafu. Pembeni ya ukuta kulikuwa na koili ya zamani iliyong'olewa, ndogo kama ndoo. Na kwenye saruji, ukitazama vizuri, kulikuwa na mstari mwingine wa njano, uliofutika kwa kukanyagwa. Huo wa zamani ulikuwa mbali zaidi na mtambo.

"Sajini, hebu njoo. Koili ndogo, mstari mbali. Koili kubwa, mstari karibu. Mimi fizikia nilifeli mpaka mwalimu akanionea huruma, lakini hii inaingia akilini?"

"Labda mpya ni ya kisasa, afande."

"Kisasa nini! Nani anapima hii mistari?"

Aliyepima alikuwa ofisini, mbele ya kompyuta: mdogo wa marehemu, mama wa makamo aliyeitwa Dada Rangi na karakana nzima. Alikuwa amekuja kazini siku moja baada ya kifo cha kaka yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Pole sana, dada."

"Nishapoa."

"Nieleweshe hii mashine yako kama unavyomweleza mtoto."

"Hii ni programu ya kuigiza sumaku kabla hatujawasha kitu. Tunaichorea koili, tunaipa kiasi cha umeme, inakokotoa nguvu iliyopo kila mahali. Halafu inapaka rangi. Nyekundu ni kali, bluu ni dhaifu."

"Na mstari?"

"Unapakwa pale bluu inapoanzia. Hapa wanaiita bluu ya bosi. Kipimo cha rangi ni kimoja kwa kila picha, kimewekwa kwa ajili ya moyo wa kaka. Penye bluu, kaka anasimama."

"Na namba? Picha haina namba?"

"Zipo kwenye ule ukanda wa pembeni. Zamani tulizisoma." Alionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ya mwandiko wa marehemu: NAMBA KWANZA, RANGI BAADAYE. "Lakini watu wakizoea rangi, namba nani anazitazama?"

Inspekta akalaza picha mbili mezani, ya koili ya zamani na ya koili mpya, akaufuata ukanda kwa kidole.

"Hapa bluu inaishia kwenye moja. Hapa inaishia kwenye kumi. Bluu ni ile ile, lakini ya pili ina ukali mara kumi."

Dada Rangi aliinama kuzitazama, kama anaziona kwa mara ya kwanza.

"Mama yangu! Basi ni kosa langu. Usipokibana kipimo, programu inajichagulia yenyewe. Nitakuwa nilisahau kukibana."

Inspekta alitamani kuamini. Kusahau kuna adhabu ndogo, na mama huyu alikuwa amefiwa.

"Hebu sahau tena," alisema. "Iache ijichagulie, nione."

Dada Rangi akasita, kisha akabonyeza. Picha ikajipaka upya. Safari hii bluu iliishia kwenye sita nukta tatu tisa nne.

"Mbona namba ina mikia hivi?"

"Ndivyo inavyokokotoa."

"Na ile ya kwako ni kumi kamili. Haina mkia hata mmoja. Hiyo haikuchaguliwa na programu, dada. Hiyo ameiandika mtu."

"Mimi nimemzika mume, sasa namzika kaka!" alifoka. "Nimuue kaka yangu kwa kosa gani? Niambie!"

Inspekta akatoa nakala ya ripoti mfukoni.

"Sawa. Basi nami nimekwama, na fundi anapandishwa gari muda huu kwenda mahakamani. Wameshaandika. 'Chanzo cha kifo: uzembe wa fundi.'"

Mkono wa Dada Rangi ukasimama juu ya kipanya.

"Soma tena."

"Uzembe wa fundi."

"Maneno hayo hayo," alisema taratibu. "Ndiyo waliyomwandikia mume wangu."

Akazima kompyuta. Sajini akatoa daftari, akamsomea haki yake ya kunyamaza. Hakunyamaza.

"Mume wangu alikuwa fundi wa kituo cha umeme. Walinunua kwetu vikombe vya kaure, vile vinavyoshikilia waya mkubwa. Mimi ndiye niliyekichora kikombe kwenye programu hii, maana inapima na nguvu ya umeme. Kikatoka chekundu shingoni. Nikamwambia kaka, hiki kitapasuka. Akaniambia nimechoka, nikapumzike, atamalizia mwenyewe. Niliporudi kilikuwa bluu chote. Nikashukuru! Nikajua kakirekebisha."

"Kikapasuka."

"Kikampasukia usoni. Wakaandika uzembe wa fundi, kavuta swichi vibaya. Mwanangu shuleni wakamcheka kwamba baba yake ni mzembe. Na kaka ndiye aliyetulisha miaka yote hiyo, ananiletea unga mpaka mlangoni! Juzijuzi nasafisha mafaili ya zamani, nikakifungua kile kikombe. Umbo ni lile lile, hakugusa kitu. Kipimo tu. Mia kamili, haina mkia."

"Nawe ukamfanyia vile vile."

"Namba niliziacha wazi. Sikuficha. Angezisoma, angekuwa hai."

"Kwa nini hakuzisoma?"

"Kwa sababu nilichora mimi." Aliitazama ile karatasi ya ukutani. "Ya wengine alikuwa anaikagua. Ya kwangu, hapana. Nilijua watasema moyo umechoka tu. Fundi sikumuwaza kabisa. Mwachieni, ana mke."

Inspekta akampa Sajini ishara. Sajini akatoka na simu sikioni, anapiga kelele gari lirudishwe.

"Kuna mtu alimwona kaka yako akiiandika ile mia?"

"Hapana. Lakini faili lipo."

"Kompyuta mlikuwa mnaitumia akina nani?"

"Mimi na yeye."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Aliyotaka kusema hayakumpendeza.

"Dada, faili linaonyesha namba iliandikwa. Halionyeshi nani aliyeandika. Aliyekuwa anaweza kusema yuko mochwari. Na wewe leo umekiri kwamba mchezo huo unauweza. Wakilifungua, watasema picha zote mbili umezipaka wewe."

Hapo ndipo macho ya Dada Rangi yalipojaa machozi.

"Ningembana, angesema," alinong'ona. "Kaka hakuwa na moyo wa kunikatalia."

"Nadhani angesema."

Inspekta akachukua kalamu, akakata maneno "uzembe wa fundi" kwenye ripoti, akatia sahihi pembeni.

"Na ya mume wangu, je?" aliuliza Dada Rangi.

Inspekta akafunika kalamu, akamfunga pingu.