Biskuti Zilizokolea

Kila Jumamosi nyumba yao ilinukia maini. Yalichemshwa kwenye sufuria kubwa, yakapondwa, yakakandwa pamoja na unga na mayai, kisha donge likasukumwa na kukatwa kwa mdomo wa kikombe. Wageni wa mtaa walipita dirishani wakimeza mate, wakidhani kuna sherehe. Wenyeji walijua kwamba humo hakuna aliyealikwa, kwa sababu zile zilikuwa biskuti za mbwa.

Mama alifanya usafi hospitalini, na mwisho wa juma aliwaokea mbwa wa majirani biskuti za kuuza. Msaidizi wake alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Kijiko kwa kuwa hakuacha mwiko bila kuulamba. Bibi alikaa karibu na dirisha akikunja mifuko ya karatasi na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumamosi moja Kijiko aliamka mwili mzito. Wiki nzima ilikuwa ya mitihani, na alikuwa ameshafua sare zake na za mdogo wake. Mama alikuwa hoi kuliko yeye. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, mafua yamembana.

"Chemsha maini, mwanangu, nijinyooshe kidogo," alisema. "Maji matupu. Usitie chumvi, usitie..."

"Kitunguu, kitunguu saumu, wala bizari. Najua, mama."

Kijiko aliinjika sufuria, akaketi kwenye kigoda na kuegemeza kichwa ukutani. Alisema moyoni kwamba anapumzisha macho tu. Aliposhtuka, harufu ya kuungua ilikuwa imejaa jikoni. Maji yalikuwa yamekauka na maini ya chini yameshika sufuria.

Aliyaokoa ya juu, lakini supu ya kukandia unga haikuwepo. Kuchemsha nyingine na kusubiri ipoe! Alitamani kulia. Pembeni palikuwa na chungu cha nyama ya chakula cha mchana, kimejaa mchuzi wa vitunguu. Alichota mchuzi, akauchuja mara mbili, akautazama kwenye mwanga. Hapakuonekana hata kipande cha kitunguu.

"Si nimeshavitoa?" alijiambia, akakanda.

Mama alikuwa na desturi yake. Hakuuza biskuti kabla ya kuionja mwenyewe. "Nisichoweza kukila mimi, simpi mbwa wa mtu," alizoea kusema. Siku hiyo aliamka biskuti zimeshaiva, akatafuna kipande, akavuta kamasi na kutikisa kichwa. "Sisikii ladha yoyote. Lakini zimekauka vizuri. Haya, anza kwa babu mlinzi."

Babu mlinzi alilinda ghala la mbao mwisho wa barabara. Mkewe alikuwa amefariki na watoto wake waliishi mbali, kwa hiyo mazungumzo yake yote aliyafanya na mbwa wake mzee, Mstaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mstaafu, amka, mshahara wako umefika!"

Kijiko alicheka kidogo, akaacha mfuko na kurudi nyumbani akiburuta miguu. Alimkuta mama amesinzia kitini, na Bibi ana chai mkononi na biskuti mdomoni.

"Leo zimekolea!" Bibi alisema. "Siku zote zina ladha ya boksi. Hizi nimekula mpaka nikasahau ni za mbwa."

Kijiko aliganda mlangoni. Kama zimekolea, basi vitunguu havikubaki kwenye chujio. Bibi hakushuku kitu, na mama alikuwa akikoroma. Angeweza kunyamaza na kwenda kulala, na jinsi alivyokitamani kitanda! Lakini alimkumbuka Mstaafu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mama, amka," alisema huku machozi yakimtoka. "Nimeharibu. Nimekandia mchuzi wa nyama."

Mama hakupoteza muda kugomba. Alivaa ndala za Bibi kwa makosa, wakatoka mbio mpaka ghalani.

"Babu, usimpe!" mama alipiga kelele.

"Amekula moja," babu alisema. "Akaomba nyingine, nami nikashangaa, maana si kawaida yake. Kwani kuna nini?"

Kijiko alimweleza mwenyewe, ameinamisha kichwa. Babu hakumkaripia. Alikaa chini polepole na kuuweka mkono wake juu ya shingo ya Mstaafu. "Huyu ndiye mtu wangu," alisema, na Kijiko akaona afadhali angechapwa.

Mama alimpigia simu daktari wa mifugo. Daktari alisema kitunguu huharibu damu ya mbwa, na kuchuja hakusaidii kwa kuwa sumu yake huwa imeshaingia kwenye mchuzi. Hata hivyo, biskuti moja kwa mbwa mkubwa kama yule haikuwa nyingi. Apewe maji na aangaliwe siku kadhaa. Akilegea, au ufizi wake ukipauka, apelekwe kwake haraka.

Biskuti zote zilizobaki zilitupwa kwenye pipa lenye mfuniko. Wiki nzima Kijiko alipitia ghalani baada ya shule kutazama ufizi wa Mstaafu. Mwishowe daktari alimpima mwenyewe na kusema ni mzima. Siku hiyo babu alicheka mpaka akakohoa.

Jioni hiyo mama alimwita Kijiko.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Na wewe?"

"Hata mimi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bibi aliingilia.

"Hajafa mtu, mama," mama akamjibu, kisha akamgeukia binti yake. "Kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe nilionja na pua imeziba, nikajidanganya kwamba nimeonja. Tumekosa wote wawili. Lakini ulisema ukweli kabla hujaulizwa, na ndiyo maana babu bado ana mwenzake. Ukichoka, useme. Kazi itasubiri. Mbwa anakula kwa kutuamini tu, hawezi kutuuliza tumeweka nini."

Jumamosi iliyofuata, mama alipokuwa akipima unga, Kijiko alimeza mate na kusema, "Mama, leo nimechoka."

Mama alimtazama, akarudisha unga kwenye kopo. "Hata mimi," alisema. Wakaenda kulala.