Uso wa Kuwaonyesha Wakwe

Gladwell alikutana na Mithika kwenye foleni ya nyama pale Majengo, Jumamosi ambayo ungedhani nusu ya mji wa Meru ina sherehe. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mkanda mpana, ametoroka duka lake la mapazia kwa dakika tano tu. Maini yalikuwa yamebaki kilo moja, na wote wawili waliyaagiza kwa mpigo.

"Mpe mama huyu," akasema yule mwanaume mrefu, buti zake za mpira zimejaa matope.

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakuja kula kwako."

Muuza nyama akacheka. Gladwell hakucheka, ila alipofika dukani alijikuta anatabasamu peke yake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Runyenjes kule Embu. Mithika alikuwa daktari wa mifugo, akizunguka Mikinduri na Muthara kutibu ng'ombe za watu. Yeye alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Walipendana miezi minane. Mithika alikuwa akimpigia simu akiwa zizini.

"Mrembo, uko?"

"Niko. Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ni ng'ombe ya Mzee Gitobu. Inakusalimia."

"Iambie salamu zimefika. Na wewe unawe mikono kabla hujaja huku."

Wakakubaliana kwamba Desemba wazee wa Mithika watoke Muthara waende Runyenjes, wajitambulishe kwa Mwaniki, kaka yake Gladwell.

Kisha wakaalikwa harusi mjini Embu. Wakati wa picha, mpiga picha akapunga mkono. "Mama, kaa hapa mbele. Kijana wako asimame nyuma yako."

Mithika akacheka. Kicheko kile kilimwingia Gladwell kama mwiba. Njia nzima ya kurudi Meru alitazama nje ya dirisha, na alipoulizwa ana nini, alisema kichwa kinamuuma.

Mwezi wa kumi na moja alimuaga Mithika, akisema anaenda Isili kuchukua mzigo wa mapazia. Alienda Nairobi kweli, lakini kwenye kliniki ya upasuaji wa uso, aondolewe makunyanzi.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?" daktari akamuuliza.

"Hakuna."

Kila asubuhi alikuwa anameza aspirini aliyoandikiwa Meru kwa ajili ya moyo. Aliogopa akisema ataambiwa asubiri, na Desemba ilikuwa inakaribia.

"Kuna dawa zinazoongeza kutoka kwa damu, ndiyo maana nauliza. Na uvimbe huchukua wiki mbili, tatu, wengine zaidi. Pia kuna mshipa wa fahamu shavuni. Ukiumia, mdomo unaweza kupinda, kwa muda au kabisa. Nani atakaa na wewe?"

"Mume wangu," akasema Gladwell. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia wiki mbili tu. "Natia sahihi wapi?"

Jioni ya siku ya upasuaji damu ilijikusanya chini ya ngozi, shavu la kushoto likafura hadi jicho likafumba. Akakiri kuhusu aspirini, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Bandeji zilipotolewa, ngozi ilikuwa laini kama alivyoomba, lakini pembe ya kushoto ya mdomo haikusogea.

"Mara nyingi hurudi baada ya miezi," daktari akamwambia. "Si kila mara. Ungenitajia hiyo aspirini, ningeahirisha upasuaji."

Mithika alipiga simu siku tano mfululizo. Gladwell hakupokea, maana maneno yalimtoka yamepinda. Siku ya sita alikuwa amelala, na muuguzi akapokea kwa niaba yake.

"Amelala, kaka. Mpigie kesho." Ilikuwa sauti ya mwanaume.

Mithika hakupiga tena. Alhamisi moja ya Desemba, mbuzi wa posa wakiwa wamefungwa uani Muthara, alipata ujumbe: Wazee wasije. Nitakueleza.

Gladwell alirudi Meru Januari, leso imefunika nusu ya uso. Siku ya tatu Mithika aliingia dukani. Alikuwa amekonda.

"Yule aliyepokea simu ni nani?"

Gladwell akafungua leso. Mithika akasogea, akapitisha vidole nyuma ya sikio, palipo na kovu, kama anavyopima mnyama mgonjwa.

"Yule alikuwa muuguzi," akasema Gladwell, akamsimulia yote, hata aspirini.

"Mimi sikati hata mbuzi kabla ya kumuuliza mwenye mbuzi amempa dawa gani. Si ungeniuliza?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza."

"Pale harusini ulicheka, Mithika."

"Nilicheka kwa aibu. Nilikuwa najigamba na wewe, mtu akaniita mtoto. Ningefanya nini?"

Gladwell akamshika mkono. "Twende kwa wazee. Nitawaeleza mwenyewe."

"Baba amesema hapandi tena gari kwenda Runyenjes." Akautoa mkono wake taratibu. "Na si baba peke yake. Miezi minane, Gladwell, ukaniona mimi ni mtu wa kukimbia makunyanzi. Hilo ndilo silali nikiliwaza. Mdomo wako ungepinda mara mbili, ningekuoa." Akavuta pumzi. "Nimekubali kazi Siakago. Naenda Jumatatu."

"Utanipigia?"

"Rudi kwa daktari akuangalie. Usikae hivyo."

Akatoka. Gladwell alibaki kwenye kaunta, leso mkononi, jicho la kushoto likichuruzika machozi zaidi kuliko la kulia. Hakuwa ameifunga bado alipoingia mteja, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akitaka pazia la dirisha. Mteja akamtazama, akasahau alichokuja kununua.

"Pole, mama. Ni nini kilikupata?"

"Ni upasuaji," akasema Gladwell, akivuta futi ya kupimia. "Niliutaka mwenyewe. Dirisha lako lina upana gani?"