Nani Alibadilisha Dozi?

Dada na mdogo wake, aliyeitwa Kimya, walifanya kazi pamoja katika chumba kimoja nyuma ya zahanati. Walitengeneza programu ya kompyuta inayowasaidia wauguzi kukokotoa dozi za watoto. Kila walipobadilisha kitu, waliandika ujumbe mfupi kueleza walichofanya na sababu yake. Kompyuta ilitunza ujumbe wote.

Asubuhi moja muuguzi aliingia bila hodi, akabwaga karatasi mezani. Programu ilikuwa imempangia mtoto wa kilo nane dozi ya mtu mzima.

"Nimeigundua sindano ikiwa mkononi," alisema. "Nani amebadilisha hii?"

Dada alipandwa na hasira. Akafungua orodha ya mabadiliko, ambayo aliitengeneza mwenyewe. Orodha ilionyesha kichwa tu cha kila ujumbe, mstari mmoja: "Kurekebisha dozi." Mstari huo ulijirudia mara thelathini. Hapakuwa na jina, tarehe wala sababu.

Akamgeukia Kimya na kumshushia maneno makali mbele ya muuguzi. Kimya alisema si yeye. Dada hakutaka kusikia. Akamfukuza. Kimya akaondoka, ameukunja uso.

Kelele zilimleta mwalimu wa kompyuta kutoka chumba cha jirani. Aliitazama orodha, akauliza mbona imefupishwa hivyo. Dada akajibu kwa ukali kwamba watu hawapendi kusoma mengi.

"Watu gani?" aliuliza mwalimu. "Muuguzi anataka kujua nini kimebadilika na lini. Wewe unataka kujua nani na kwa nini. Ujumbe ni uleule. Mwache kila mtu achague sehemu anazotaka kuziona."

Akamweleza namna ya kufanya. Jina, tarehe, kichwa na maelezo, kila kimoja kipewe alama yake. Mtumiaji atazipanga alama hizo apendavyo, na kompyuta itajaza taarifa yenyewe mahali pa kila alama. Asiyetaka kupanga awekewe mitindo miwili tayari, mfupi na kamili.

Dada aliandika huku ameuma meno. Mchana orodha mpya ikafanya kazi. Akachagua jina, tarehe na maelezo yote. Badiliko lililoleta kosa likajitokeza: "Nimeondoa kikomo cha dozi ya mtoto ili nijaribu. Kirudishwe kabla ya kupeleka zahanati."

Jina lilikuwa lake.

Alikirudisha kikomo palepale. Sasa hasira yake ilimgeukia yeye mwenyewe, na haikuwa na pa kwenda.

Kesho yake alimwomba Kimya radhi, tena mbele ya muuguzi, kwa kuwa mbele yake ndipo alipomwaibisha. Kimya alirudi kazini, lakini alinuna wiki nzima.

Muuguzi naye alijipangia orodha yake: tarehe kwanza, kisha maelezo, kisha jina. Huisoma kila asubuhi kabla ya kumhudumia mtoto yeyote. Mara mbili ameshazuia kosa kabla halijamfikia mgonjwa.

"Bado nakasirika," alimwambia dada. "Ila siku hizi najua ninamkasirikia nani."